Kasuku wangu hataki ila alizeti na karanga: nimbadilishieje chakula?

"Shikamoo Daktari. Nina kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, umri wake miaka 11. Niliachiwa mwaka jana na shangazi yangu hapa Tanga, ambaye alimlea tangu akiwa kinda. Maisha yake yote amekula mbegu za alizeti, karanga, na kila asubuhi kipande cha mkate kilichochovywa katika chai ya maziwa. Nimesoma kwamba chakula hicho hakimfai, nikamwekea papai, karoti na mchicha, lakini vyote huvitupa chini bila hata kuvila. Muuza vyakula vya mifugo alinishauri nimwondolee alizeti kabisa, kwamba njaa ikimzidi atakula tu. Siku ya pili nilimkuta amejikunyata na manyoya yamemvimba, nikaogopa, nikamrudishia. Alinishauri pia nimpe chakula cha kuku wa mayai na nimtilie vitamini kwenye maji. Ameanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani, na mwezi huu ameanguka mara mbili usiku kutoka kwenye kijiti chake, nadhani ni usingizi. Shangazi anasema ndege huyu hajaumwa hata siku moja, nisimsumbue. Je, niendelee kujaribu, au nimwache ale anachokipenda? Na nikiendelea, nianzie wapi?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza kuhusu chakula na nitakujibu kwa kirefu, lakini jambo lililonishtua zaidi ni lile ulilolitaja kwa kupita karibu na mwisho wa barua yako, kwamba ndege ameanguka kutoka kwenye kijiti mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Kasuku hulala juu ya kijiti maisha yake yote, na aliye mzima haanguki kwa sababu ya usingizi. Inawezekana alishtuliwa na paka au na taa iliyowashwa ghafla. Hata hivyo, kwa kasuku wa kijivu aliyelelewa kwa mbegu, kuanguka kwa namna hii mara nyingi ni dalili ya mwanzo ya upungufu wa kalsiamu katika damu, na baadaye huweza kufuata kutetemeka, mabawa kupigapiga ovyo, na hatimaye degedege. Naomba basi usianze kumfundisha chakula chochote kipya kabla daktari wa mifugo hajamwona na kumpima damu, na hilo lifanyike wiki hii. Wakati unangoja, teremsha kijiti hadi karibu na sakafu ya tundu, tandika kitambaa kinene chini yake, na umwache aendelee na chakula alichokizoea.

Ili uelewe kwa nini nina haraka, tazama kilichomo katika bakuli lake. Kiini cha alizeti ni mafuta kwa takriban nusu ya uzito wake, na fosforasi iliyomo ni karibu mara nane ya kalsiamu, ilhali mwili wa ndege unahitaji kalsiamu ilingane na fosforasi au hata iizidi. Karanga nazo zimeelemea upande huohuo. Fosforasi inapozidi, hufungana na ile kalsiamu kidogo iliyopo tumboni, ikatoka pamoja na kinyesi kabla mwili haujaifyonza. Wanyama wengi wana njia ya kujitetea: tezi ndogo zilizo karibu na shingo, zinazoitwa parathairoidi, hutoa homoni ya kuchota kalsiamu kutoka katika mifupa na kuirudisha katika damu. Kasuku wa kijivu huonekana kuwa mzito katika kazi hiyo kuliko kasuku wa jamii nyingine, na ndiyo maana mifupa yake inaweza kuonekana ya kawaida kabisa katika picha ya eksirei huku damu imepungukiwa kiasi cha kumwangusha. Juu ya hayo, kalsiamu haifyonzwi vizuri bila vitamini D3, ambayo mwili huitengeneza kwa msaada wa miale ya jua ya UVB. Kioo cha dirisha huzuia karibu miale hiyo yote, kwa hiyo ndege anayewekwa sebuleni mbele ya dirisha lililofungwa huuona mwanga na kulisikia joto, lakini faida hii haimfikii.

Shangazi yako anasema hajaumwa hata siku moja, nami simlaumu, kwa sababu kasuku ni hodari wa kuficha ugonjwa. Porini, ndege anayeonyesha udhaifu ndiye anayekamatwa kwanza na mwewe, na tabia hiyo haimtoki hata akiishi sebuleni. Kuna na sababu ya pili, kwamba upungufu wa lishe huchukua miaka kujionyesha. Chukua mfano wa vitamini A, ambayo karibu haimo kabisa katika alizeti na karanga. Ini huihifadhi, na akiba inapokwisha, utando laini wa ndani ya kinywa, pua, njia ya hewa na hata figo huanza kukauka na kuwa mgumu. Ute unaonasa vumbi na vijidudu hupungua, na ukungu au bakteria ambao kila siku ndege huwavuta bila madhara hupata mahali pa kuota. Daktari atamfungua mdomo na kuangalia ufa ulio kwenye kaakaa: kwa ndege mwenye lishe nzuri, kingo za ufa huo zina vinyama vidogo vilivyochongoka kama meno ya msumeno, na kwa ndege wa mbegu mara nyingi vinyama hivyo vimesagika au vimetoweka, pengine pamoja na madoa meupe pembeni. Yote haya hutokea huku ndege anaongea, anapiga miluzi na kumwita kila mtu kwa jina. Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40, wengine hufikia 60, kwa hiyo wako bado kijana, na kasoro nyingi za lishe katika umri huu hurekebishika.

Kuhusu manyoya ya kifuani sitaki kukuahidi mengi. Ngozi kavu inayotokana na lishe duni huwasha na inaweza kumfanya ajinyonyoe, lakini kasuku hujinyonyoa pia kwa upweke, kwa kukosa kazi, kwa maradhi ya ini, na kwa huzuni ya kubadilishiwa nyumba. Huyu aliishi miaka 10 na mtu mmoja, kisha akahamia kwako. Chakula kizuri kitamsaidia, ila usikione kuwa kimeshindwa endapo manyoya hayataota upesi.

Nisikutishe pia kuhusu mafuta yenyewe. Kasuku hawa, ambao makazi yao ya asili yanaanzia Afrika Magharibi, yakapita Kongo na Uganda hadi msitu wa Kakamega magharibi mwa Kenya, ni wapenzi wakubwa wa matunda ya mchikichi, tunda ambalo nyama yake imejaa mafuta. Tofauti ni kwamba nyama hiyo ina rangi ya chungwa kwa sababu ya karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kwamba ndege wa porini huruka kilomita nyingi kila siku kutafuta riziki. Tena hali mchikichi peke yake, bali huchanganya na machipukizi, matunda na mbegu za miti mingi, na katika misitu ya Kongo makundi yao hushuka chini kula udongo wenye madini. Wako anakula mafuta ya mbegu yasiyo na karotini, akiwa amekaa. Kwa hiyo mawese mekundu ya Kigoma, yale ambayo hayakusafishwa hadi kupoteza rangi, ni kitu kizuri cha kumpakia kwenye chakula mara mbili tatu kwa wiki, robo ya kijiko cha chai tu.

Sasa kwa nini anavitupa vyakula vyote ulivyomwekea? Wengi husema ni ukaidi, na hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu mtu akishaamini kwamba ndege ni mkaidi, atatafuta namna ya kumshinda. Kasuku hazaliwi akijua chakula ni kipi. Hujifunza kwa wazazi wake na kwa kundi, katika miezi ya mwanzo ya maisha, na asichofundishwa wakati huo hukichukulia kuwa kitu tu, tena pengine kitu cha hatari. Mtu wa bara aliyewekewa pweza mezani kwa mara ya kwanza hakatai kwa kiburi. Macho yake hayaoni chakula pale. Ukimtazama kasuku wako kwa makini utaona kwamba kule kutupa kwenyewe kuna hatua. Hukichukua kipande kwa mguu, hukigusa kwa ule ulimi wake mweusi mnene, hukibana kwa ncha ya mdomo, hukiachia, kisha huinamisha kichwa kando kukitazama kilipoangukia. Huo ndio uchunguzi wake. Kipande kilichoguswa na ulimi kikaanguka kimepiga hatua mbele ya kile ambacho hakukigusa, na kesho kikirudi kitakuwa kinafahamika kidogo zaidi.

Kwa sababu hiyo ushauri wa kumshindisha njaa ni wa hatari, na ulifanya vizuri sana kumrudishia alizeti. Kasuku wa kijivu aliyekomaa huwa na uzito wa gramu 400 hadi 550 hivi, mwili wake unachoma nishati kwa kasi kubwa kuliko wetu, na anaweza kufa njaa akiwa amezungukwa na vyakula asivyovitambua. Kule kujikunyata na kuvimbisha manyoya kulikuwa juhudi za mwili kuhifadhi joto baada ya kukosa nishati. Kwa ndege mwenye ini lililojaa mafuta kutokana na miaka ya alizeti, jambo hilo ni baya zaidi, kwa maana njaa ya ghafla huyamimina mafuta ya mwili kwenye ini ambalo tayari limeelemewa.

Ushauri mwingine wa muuzaji nao uuache. Chakula cha kuku wa mayai kimetengenezwa kwa ajili ya ndege anayetaga karibu kila siku, na kina kalsiamu kiasi cha asilimia 3.5 hadi 4, kipimo ambacho kwa kasuku asiyetaga kinaweza kuharibu figo kikitumika kwa muda mrefu. Najua inashawishi, kwa kuwa nimetoka kusema ana upungufu wa kalsiamu, lakini upungufu huponywa kwa kipimo kinachojulikana. Chakula cha vifaranga nacho mara nyingi hutiwa dawa za kuzuia kuhara damu ambazo hazikukusudiwa kwa kasuku. Vitamini za kwenye maji huharibika upesi katika joto la pwani, hugeuza maji kuwa shamba la bakteria, na huyabadilisha ladha hata ndege akapunguza kunywa. Zile za unga zinazonyunyizwa juu ya alizeti huishia sakafuni pamoja na maganda. Na mtu asikushauri ununue kasuku wa pili ili amfundishe wa kwanza kula. Ni kweli kwamba kasuku hujifunza kwa kuigana, lakini wengi wanaouzwa kwa siri wametekwa porini, wanakuja na maradhi, na biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu Januari 2017.

Tunakusudia kumfikisha wapi, basi? Kwa nchi ambako vinapatikana kwa urahisi, madaktari wengi wa ndege hupendekeza chakula maalumu cha kasuku kilichosindikwa kuwa vidonge, kikiwa sehemu kubwa ya mlo, na mboga zikifuatia. Faida yake ni kwamba kila kidonge kina kila kitu, na ndege hawezi kuchagua mafuta akaacha vitamini. Kwetu vidonge hivyo huagizwa kutoka nje, ni ghali, na mara nyingi vimekaa ghalani kwenye joto hadi mafuta yake yameanza kuchacha. Ukivipata vipya na bei yake unaimudu mwaka hadi mwaka, vitumie. Usipoweza, mlo wa nyumbani unaweza kumfaa vizuri, ila sitakuficha kwamba unataka uangalifu zaidi, hasa katika kalsiamu na vitamini D3, na kwamba ndege wa mlo wa nyumbani anastahili kupimwa damu mara moja kwa mwaka. Kwa hali uliyoieleza, mimi ningechagua mlo wa nyumbani, na vidonge viwe nyongeza vikipatikana, kwa sababu kumzoesha ndege chakula ambacho mwezi ujao hakipo dukani ni kumrudisha mwanzo.

Mlo huo si wa gharama. Msingi wake ni nafaka na jamii ya kunde zilizopikwa bila chumvi: mtama, uwele, mchele usiokobolewa, choroko, kunde, dengu. Maharagwe, hasa yale mekundu, lazima yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu mpaka yaive kabisa, kwa kuwa yakiwa mabichi yana sumu. Upande wa pili ni mboga zenye rangi: boga, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, pilipili hoho nyekundu, bamia, sukuma wiki na majani ya mlonge, ambayo yana kalsiamu na karotini kwa wingi. Pilipili kali pia anaweza kuila, mwasho wake ndege hausikii kama sisi. Mchicha uliomwekea si mbaya, lakini una oksaleti ambayo hushikana na kalsiamu, kwa hiyo kwa ndege mwenye tatizo hili uwe wa mara mojamoja, na sukuma wiki ichukue nafasi yake. Matunda yawe kidogo, papai na embe yakitangulia. Asipewe kabisa parachichi, ambalo linaweza kumwua, wala chokoleti, kahawa, pombe, vitunguu vya aina zote, mihogo mibichi na kisamvu kibichi.

Kuhusu karanga niseme peke yake. Karanga zilizohifadhiwa vibaya huota kuvu wanaotoa sumukuvu, ileile ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya kupitia mahindi. Ini la ndege ni dogo na huumia mapema. Mimi ningeziondoa kabisa katika bakuli, nikabakisha punje moja au mbili kwa siku, zilizochaguliwa kwa macho na kukaangwa bila chumvi, zikiwa zawadi ya mafunzo. Kukaanga hakuiondoi sumukuvu yote, kwa hiyo kuchagua ndiko muhimu.

Kifaa cha kwanza unachokihitaji ni mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Mzoeshe kupanda juu yake, ama kwenye kijiti kifupi ulichokifunga juu ya sahani, na umpime kila asubuhi baada ya kunya na kabla ya kula, ukaandika. Bila mizani, tafadhali usipunguze alizeti hata punje moja, kwa sababu manyoya huficha kukonda, na mkono wako utagundua mfupa wa kifua umechongoka wakati umeshachelewa. Chukulia kwamba uzito wake ni gramu 450. Akishuka hadi 427, yaani asilimia 5, simama hapo, usipunguze zaidi. Akikaribia 405, mrudishie chakula chake cha zamani chote na umpigie daktari. Tazama pia kinyesi: kikiwa kidogo, cheusi au kijani kilichokolea, ndege hali, hata kama bakuli linaonekana limechakurwa. Ndege wengi hudonoa na kusagasaga bila kumeza, na maganda yaliyobaki juu ya bakuli humdanganya mwenye nyumba akadhani lingali limejaa mbegu.

Daktari akisharidhika na damu yake, wiki ya kwanza usibadilishe kitu isipokuwa saa. Kasuku porini hula alfajiri na tena alasiri kabla ya kulala, katikati hupumzika. Pima alizeti anazokula kwa siku nzima, uzigawe mafungu mawili, la asubuhi na la saa kumi jioni, na kati ya hapo bakuli liondoke. Akishazoea, chakula kipya kitangulie kwa saa moja kabla ya kila fungu, wakati hamu ipo lakini njaa bado haijamuumiza, kisha alizeti zake azipate zote. Uzito ukitulia kwa wiki mbili na ukamwona anameza, si kuchezea tu, punguza fungu la asubuhi kwa sehemu moja ya kumi, ungoje tena. Kwa ndege wa umri huu kazi hii inaweza kuchukua miezi mitatu, hata sita, na hakuna ubaya wowote katika hilo.

Kuhusu kile cha kumwekea katika saa hiyo, nina furaha kwamba anapenda mkate, maana huo ndio mlango wako. Tengeneza mkate wa unga wa mahindi na yai, bila chumvi wala sukari, ukichanganya na boga lililopondwa na karoti iliyokunwa laini. Ganda la yai lilelile lichemshe, likaushe, ulisage hadi liwe unga na kutia kidogo ndani, lakini daktari akiwa amekuandikia dawa ya kalsiamu, muulize kwanza. Mwanzoni boga liwe kidogo sana ili usipotee ule mkate anaoujua, na kila unapooka ongeza. Chai nayo iache kwa hatua. Ina kafeini na sukari, na mwili wa ndege haumeng'enyi sukari ya maziwa. Punguza majani ya chai na maziwa siku baada ya siku, hadi mkate uwe unachovywa katika maji ya vuguvugu yaliyochemshiwa boga. Joto lile la mdomoni nadhani ndilo analolipenda, pamoja na kwamba alikuwa akila na shangazi. Kwa hiyo keti naye. Kula boga lako mbele yake kwa raha, msifu anayekula pamoja nawe kama yupo, na usimpe mpaka aombe. Hilo ndilo kundi lake, na kwa kasuku kitu kinacholiwa na kundi kimeshathibitishwa.

Daraja lingine zuri ni mbegu zilizochipua. Loweka alizeti mbichi na choroko usiku kucha, zioshe mara tatu kwa siku kwenye chujio, na baada ya siku moja au mbili, mkia mweupe unapojitokeza tu, mpe. Ni zilezile anazozijua, lakini mafuta yameanza kutumika na vitamini zimeongezeka. Zikinuka au zikiteleza, zitupe bila huruma. Kwa hali ya hewa ya Tanga, chakula chochote chenye majimaji kisikae tunduni zaidi ya saa mbili. Mahindi mabichi ya kuchemsha nayo hukubalika upesi, na ukiyaviringisha katika karoti iliyokunwa, atazilamba nyuzi za karoti akitafuta punje. Mwingine hukataa kipande kilichokatwa lakini hulirarua jani zima la sukuma wiki lililolowa maji na kufungwa juu ya tundu, na mwingine hufungua ganda la hindi lililokunjwa kwa saa nzima ili apate kunde mbili zilizofichwa ndani. Badilisha umbo kabla ya kuamua kwamba chakula amekikataa, na usimbadilishie vyakula vitano kwa mpigo. Kimoja kirudi kila siku kwa wiki mbili tatu.

Mtoe nje asubuhi, akiwa ndani ya tundu, nusu saa hivi katika jua lisilopita kwenye kioo, na upande mmoja wa tundu ukiwa na kivuli ili ajiondoe akiona joto. Katika nchi yetu hiyo ndiyo njia salama ya kupata D3, kwani vidonge vya D3 vya binadamu vikizidi humjaza kalsiamu kwenye figo. Mtundikie pia ule mfupa mweupe wa dome, jamaa ya ngisi, unaookotwa ufukweni hapo Tanga, baada ya kuuloweka katika maji baridi siku mbili tatu ukiyabadilisha ili chumvi itoke, na kuukausha juani. Changarawe za kusagia hazihitaji, kwa kuwa yeye humenya mbegu zake kabla ya kumeza.

Hospitalini, ukikosa daktari mwenye uzoefu wa ndege wa kufugwa hapo mjini, omba daktari wa mifugo aliyepo akuelekeze au ashauriane na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako kuna walimu wa tiba ya wanyama. Wasomaji wa Kenya na Uganda wanaweza kuuliza kwenye vitivo vya tiba ya wanyama vya Nairobi, kule Kabete, na Makerere. Mbebe katika kikapu au boksi lenye matundu na giza kidogo, chukua kinyesi cha asubuhi juu ya karatasi safi, picha ya tundu lake, na orodha ya kila anachokula pamoja na chai. Omba kipimo cha kalsiamu, ikiwezekana ile iliyo huru katika damu, kwa sababu jumla yake inaweza kupotosha. Omba pia vipimo vya ini, na mweleze daktari kama kuna rangi ya zamani au waya wa mabati kwenye tundu, kwani sumu ya risasi na zinki nayo huwaangusha ndege. Baada ya hapo, dalili za kukurudisha haraka ni kutokula kwa siku nzima, mkia kupanda na kushuka kila anapovuta pumzi, madoa meupe kinywani, kutapika, au kuketi chini ya tundu mchana akiwa amefumba macho. Na akianguka tena au akitetemeka kabla ya siku uliyopangiwa, usingoje zamu. Mfunike kwa kitambaa chepesi na umpeleke saa ileile.